Mama Mkwe wa Nsemulwa na Madeni ya Watu

Vuta kigoda, ndugu msomaji, ukae kama mtu aliyekuja kusalimia na hana haraka ya kuondoka. Nataka nikueleze habari za mwanamke mmoja wa mtaani kwetu Nsemulwa, hapa Mpanda, aliyetufundisha mimi na mume wangu kuyapanga madeni yetu mpaka tukayalipa. Ukoo wake sitausimulia. Nilipohamia mtaa ule nilimkuta tayari ni mtu mzima, na aliyonisaidia hayakuhitaji nijue babu yake alikuwa nani. Ukinisikiliza taratibu, huenda ukaondoka na kitu cha kukufaa na wewe.

Tulimwita Mama Mkwe, mtaa mzima, hata watoto wadogo ambao hawakujua maana yake. Alikuwa na mabinti wengi na wote walikuwa wameolewa. Karibu kila wiki kulikuwa na mwanaume fulani amesimama mbali kidogo na mlango wake, kofia mkononi, akisubiri mtu apite wa kumpelekea salamu ndani. Huyo ni mkwe. Kwa watu wa kwao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawali pamoja wala hawapishani kwenye njia nyembamba, mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Vijana wa siku hizi wengi wamelegeza. Yeye hakulegeza. Alisema heshima hiyo aliikuta na hakuwa na sababu ya kuigusa.

Na huko ndiko kulikotoka ile namna yake ya kusikiliza madeni. Alinisimulia mwenyewe, siku moja tukibangua karanga, maana kazi yake ilikuwa kukaanga karanga na kuziuza sokoni. Mkwe wake wa kwanza alikuja asubuhi, akakaa kwenye benchi la nje akiwa ameupa mlango mgongo. Yeye alikuwa ndani, naye ameupa mlango mgongo. Kati yao palikuwa na ukuta na pazia.

"Mama," mkwe akasema, "nimekuja kuaga. Nakwenda kutafuta maisha mbali. Hapa nadaiwa na kila mtu."

"Kila mtu ni nani?" akamuuliza.

Kijana akaanza kutaja. Akataja mwenye duka, akataja fundi, akataja rafiki yake waliyesoma naye, akaendelea kutaja mpaka sauti ikamkauka.

"Umesahau mmoja," Mama Mkwe akasema.

"Nani tena, mama?"

"Sisi. Ng'ombe wa mahari bado hawajaisha."

Mkwe akacheka huku analia. Alimsikia akipenga kamasi. Ndipo Mama Mkwe akamwambia kwamba hao ng'ombe wakae mwisho kabisa wa foleni, kwa sababu wajukuu walikuwa wakija kumsalimia na hiyo ilimtosha kwa sasa. Hao wengine wakawapanga. Kijana hakwenda mbali. Mpaka leo anauza mbao hapa hapa mjini.

Tangu siku ile Mama Mkwe alishika hivyo hivyo kwa kila mtu, awe mkwe au asiwe. Ukienda kwake na habari ya madeni, alikuwa anageuza kigoda chake akatazama ukutani, wewe ukatazama barabarani. "Mtu akitazamwa usoni anapunguza," alikuwa akisema. "Anadaiwa laki tano, anataja mbili. Nikiwa sikuoni, unanidanganya kwa faida ya nani?"

Sisi tulifika kwake mvua zikianza kupungua, mpunga ukiwa umeshasimama vizuri mashambani. Nikuambie tulivyokuwa. Mume wangu, Baba Neema, alikuwa na pikipiki, akibeba abiria kuanzia stesheni ya treni mpaka sokoni. Mimi nilikuwa napika chapati na maharage kwa watu wa sokoni. Na tulikuwa na shamba la mpunga Kabungu, eka mbili zenye majaruba mazuri yanayotunza maji. Shamba hilo nilipewa na marehemu baba yangu. Hatukuwa na kitu kingine chenye thamani.

Mwaka mmoja nyuma binti yetu Neema alivunjika mguu vibaya, ikabidi apasuliwe. Pesa ya haraka tuliipata kwa mfanyabiashara mmoja wa mpunga mwenye stoo kubwa mjini. Alitupa, tukaandikishana. Lakini karatasi haikusema tumekopa. Ilisema tumemuuzia shamba, na kwamba tukirudisha pesa yake kabla ya mavuno ya msimu uliofuata kuisha, mauzo yatakuwa yamefutika. Tuliweka sahihi sote wawili. Wanaokopa kwa namna hiyo huku kwetu ni wengi, na wengi hawaisomi karatasi kwa sababu mgonjwa anasubiri. Sisi tuliisoma. Hatukuwa na njia nyingine.

Hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi: mavuno yakiisha bila kulipa, shamba la baba limekwenda.

Juu ya hilo kulikuwa na mengine. Tulikuwa na mkopo mmoja wa marejesho ya kila wiki, ule ambao watu wameupa jina la kausha damu, na anayeujua haniombi nimweleze. Kulikuwa na deni la duka, na la kikundi chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa. Na kulikuwa na kaka yake Baba Neema, mfugaji, aliyeuza dume lake moja ili mtoto akae hospitali, na tangu siku ile hajataja.

Baba Neema hakutaka kwenda kwa Mama Mkwe. "Nikaanike mambo ya nyumba yangu kwa muuza karanga?" aliniambia.

"Hakuangalii," nikamwambia. "Utakuwa kama unaongea na ukuta."

"Basi niongee na ukuta wa kwangu."

Lakini alikwenda. Alikaa kwenye benchi akitazama barabara, mimi nikakaa katikati kwenye mkeka. Mama Mkwe aligeuza kigoda, akaendelea kupepeta karanga zake. Nilitegemea aulize tunadaiwa kiasi gani. Hakuuliza.

"Baba Neema, shikamoo yako nimeipokea. Hebu niambie, siku hizi ukitoka hapa kwenda stesheni unapita njia gani?"

"Napita huku chini, mama. Kwa mafundi vyuma."

"Kwa nini usipite ya juu? Si ndiyo fupi?"

Baba Neema akakuna kichwa. "Ya juu ina duka."

"Haya, hilo la kwanza. Na ukitoka stesheni kwenda sokoni?"

"Nazunguka nyuma ya stoo."

"La pili. Jumapili kanisani mnakaa wapi?"

Hapo nilijibu mimi. "Nyuma kabisa, mama. Mweka hazina wa kikundi anakaa mbele."

Alicheka mpaka akaacha kupepeta. "Jamani, nyie mtakuja kuishiwa na njia, mkae ndani kama kuku waliofungiwa."

Hivyo ndivyo alivyofanya kwa watu wote. Alitaka njia unazozikwepa, simu usizopokea, misiba usiyohudhuria kwa sababu fulani atakuwepo. Alisema mtu anaweza kusahau kiasi anachodaiwa, lakini hawezi kusahau anamkwepa nani. Kiasi kilikuja baadaye, na ulikiandika wewe mwenyewe kwenye karatasi yako ukaondoka nayo. Yeye hakutunza hata kipande. "Mimi sina kabati la madeni ya watu," alisema. "Nina kabati la vikombe tu, tena limevunjika."

Tukaendelea. Ndipo lilipotoka lile ambalo hata mimi sikulijua.

"Kuna njia nyingine?" akauliza.

Bajaji ikapita, vumbi likatulia, Baba Neema bado anatazama barabara. Nikageuka kumtazama, Mama Mkwe akaniambia bila kugeuka, "Mama Neema, tazama mkeka."

Nikatazama mkeka.

"Kuna mama mmoja kule mashineni," Baba Neema akasema polepole. "Ananunua mpunga ukiwa bado kijani. Injini ilikufa mwezi wa pili, nikachukua kwake. Nitampa magunia tukivuna."

"Magunia ya shamba lipi?"

"La Kabungu."

"Lile lile?"

"Lile lile, lakini mama, ni vitu viwili tofauti. Yule wa stoo tumempa shamba. Huyu nimempa mpunga. Shamba ni shamba, mpunga ni mpunga."

Mama Mkwe hakufoka. Alisema taratibu, kama anamweleza mtoto namna ya kufunga kamba ya kiatu, "Na pesa ya kumlipa yule wa stoo ili arudishe shamba, mlitegemea itoke wapi?"

"Kwenye mpunga."

"Basi yule umempa ng'ombe, na huyu umempa maziwa ya ng'ombe huyo huyo. Wewe watoto wako utawapa nini?"

Usimcheke mume wangu. Nimeongea na wengi tangu wakati ule na kosa hilo nimelikuta katika nyumba nyingi za wakulima wenzetu. Mtu ana shamba moja, mavuno mamoja, lakini kichwani mwake mavuno hayo yamelipa ada, yamelipa mbolea, yamelipa stoo na yameezeka bati. Kila deni analiwaza peke yake, na kila deni peke yake linalipika. Mpunga ni ule ule. Ukiyaweka madeni yote mbele ya gunia moja, ndipo unaona.

Baba Neema aliinamisha kichwa. Sijui angeweza kusema maneno yale kama kungekuwa na uso mbele yake.

Sasa nikueleze alivyotupangia, maana watu hudhani kupanga madeni ni kuyalipa kuanzia dogo mpaka kubwa. Yeye alianza na swali hili: lipi likichelewa litakunyang'anya kitu usichoweza kukipata tena? Kwetu lilikuwa moja tu, la mwenye stoo. Hilo likawekwa juu kabisa ya orodha, hata kama pesa yake ilikuwa haijaanza kulipwa. Kisha akauliza ni lipi linaloongezeka hata ukiwa umelala. Lile la kila wiki. Hilo alitaka life haraka, kwa sababu lilikuwa linakula pesa ya chapati zangu zote kabla hata sijanunua unga. Yaliyobaki, la duka na kikundi na kaka, alisema ni madeni yanayovumilia kama yakisemeshwa. Alilitumia sana neno hilo, kusemesha. Deni lisilosemeshwa, kwa maelezo yake, linakuwa chuki, na chuki hailipiki kwa pesa.

"Kaka yako umemwambia nini tangu auze dume?" akamuuliza Baba Neema.

"Sijamwambia kitu. Hajadai."

"Kama hajadai, wewe umfuate. Anayedai atakufuata mwenyewe."

Ikabaki kutafuta pesa ya kuua lile la kila wiki. Mama Mkwe akauliza pikipiki inaleta kiasi gani. Baba Neema akataja kwa majivuno kidogo. Akaulizwa mafuta. Akaulizwa fundi. Akaulizwa tairi, na ile injini iliyomfanya auze mpunga mbichi. Alikuwa anajibu sauti inashuka. Kwa kuwa ilikuwa pikipiki kuukuu, kumbe ilikuwa inatulisha kidogo sana na kutunyonya mno.

"Siuzi pikipiki," akasema kabla hajaambiwa.

"Nani amekwambia uuze?"

"Najua unakokwenda, mama."

"Mimi nipo tu na karanga zangu."

Baba Neema alikaa na hasira hiyo wiki nzima. Kisha akaiuza, akachukua pikipiki mpya ya mtu mwingine, akawa anapeleka hesabu ya kila siku kwa mwenye nayo. Wenzake stesheni walimtania vibaya. "Bosi kawa deiwaka!" walimpigia kelele, yaani dereva wa kushikishwa chombo cha mtu. Alirudi nyumbani amenuna. Lakini mkopo wa kila wiki ulikufa siku aliyouza, na Jumatatu iliyofuata hakuna mtu aliyekuja kusimama mlangoni kwetu. Nakumbuka nilikaa nje nikawa nasikiliza tu ule ukimya.

Nisikufanye uone kama Mama Mkwe alikuwa malaika. Alikuwa mbishi. Aligombana na madereva wa bajaji kwa mia mbili mpaka abiria wote wakashuka, kisha akishuka anampa mama aliyekaa naye elfu moja akanunue dagaa. Chumvi hakumpa mtu. Nyanya atakupa, mkaa atakupa, chumvi utakwenda dukani. Na yeye aliyewaambia watu waache kukopa vitu vya kuvaa, hakuna siku ambayo hakudaiwa na mwanamke anayepitisha vitenge. Akimaliza kulipa kimoja anachukua kingine. Nilimuuliza.

"Mama Mkwe, mbona wewe?"

"Hili ni deni la furaha," akanijibu bila aibu. "Nalilipa kila Ijumaa na ninapita njia yake nikiwa nimekivaa."

Pia hakukopesha. Ungeweza kukaa naye mchana kutwa akakupangia maisha, lakini ukimwomba elfu kumi anakuambia hapana kabla hujamaliza neno. Wengine walimwona mchoyo. Yeye alisema, "Nikikukopesha utaanza kupita njia nyingine, na mimi nitabaki sina jirani." Kumbe hapo zamani alikuwa amewahi kumpoteza shoga yake kwa njia hiyo hiyo. Hilo alilitaja mara moja tu, akabadilisha mazungumzo.

Kulikuwa na kijana mmoja dereva aliyekuja kwake siku nimekaa pale. Akataja anaodaiwa nao, kisha akaendelea kwa sauti ya ushindi, "Lakini na mimi nadai, mama! Ukitoa ninachodai, mimi sidaiwi kitu."

"Unaowadai wanajua?"

"Wanajua."

"Watalipa?"

"Wale? Wale hawalipi, mama, nawajua."

"Basi wanaokudai nao wanasema hivyo hivyo juu yako, sasa hivi, mahali fulani."

Kijana akaguna, akaomba karatasi.

Turudi kwenye shamba. Mama Mkwe alitaka twende kwa mwenye stoo na kwa yule mama wa mashineni kabla ya kuvuna, na twende siku moja, mmoja baada ya mwingine. "Mkienda baada ya kuvuna mtakuta wameshasikia magunia mangapi," alisema. "Mkienda sasa, nyie ndio wenye habari." Alikataa kutusindikiza. Alituambia tusiombe huruma na tusisimulie ugonjwa wa mtoto upya, maana kila mtu ana mgonjwa wake. Tuseme tunachodaiwa, tuseme tulichonacho, tutaje tarehe tunayoweza kuitimiza hata mvua zikigoma.

Mama wa mashineni alisikiliza huku akifunga gunia. Hakufurahi. Alisema magunia yake anayataka yote, na alikuwa na haki. Tukakubaliana apate yote aliyolipia, ila yale ya nyongeza aliyotaka kwa sababu ya kusubiri tuyapunguze. Akaguna, akasema, "Angalau nyie mmekuja. Wengine nawakuta wamevuna usiku." Tukatoka pale, tukashika njia ya stoo.

Kwa mwenye stoo ndiko kulikokuwa kugumu. Alitukaribisha kwenye viti, akaagiza soda. Tulipomweleza kwamba mavuno haya hayatatosha kulipa yote, kwamba tunaweza kumpa nusu sasa na nusu msimu ujao, aliiweka chupa chini.

"Niwaambie ukweli," alisema. "Mimi nilishaanza kuulizia trekta la kulima pale."

Nikahisi machozi yanakuja. Nikakumbuka tulivyoelekezwa, sikusimulia lolote. Nilisema, "Mzee, bado msimu haujaisha. Tumekuja kabla ya tarehe. Pesa yako ipo, tunaomba tuigawe mara mbili, na mwenyekiti wa mtaa aandike."

Akamgeukia Baba Neema. "Pikipiki yako nimesikia umeuza."

"Nimeuza, mzee."

"Kwa ajili ya hili?"

"Kwa ajili ya yule wa kila wiki. Ili mpunga wote uje kwako na kwa yule mama. Mwingine hagusi."

Nadhani hapo ndipo alipokubali, ingawa hakusema mara moja. Alimalizia soda yake, akauliza bei ya mafuta, akauliza Neema anatembea sasa. Kisha akasema tukamlete mwenyekiti. Mwenyekiti akaongeza tarehe chini ya karatasi ile ile, akapiga muhuri.

Msimu ule tulikula ugali wa kununua, ilhali mpunga wetu unapita mbele ya macho yetu kwenda kwa watu. Sitakuficha, iliuma. Msimu uliofuata mvua zilikuja vizuri, tukapalilia wenyewe bila vibarua, na kaka mfugaji akatuletea jozi ya maksai wake wa kulimia. Baba Neema alikuwa ameshamfuata na kumwambia lini atamlipa dume lake. Kaka alimjibu, "Nilikuwa nasubiri uje tu. Pesa baadaye." Tukamlipa baadaye. Duka tulilipa kidogo kidogo. Kikundi nacho. Mwenye stoo tulimpelekea nusu ya mwisho tukiwa tumevaa vizuri kama watu wanaokwenda ubatizo. Akahesabu, akatupa mkono, akatupongeza sana. Tukarudi nyumbani tunaimba kwenye pikipiki.

Wakati huo Mama Mkwe alikuwa amehama. Macho yalianza kumsumbua, binti yake mmoja akamchukua akaishi naye Kabungu, si mbali na shamba letu. Jumamosi moja tulimfuata tumpe habari. Tulimkuta kwenye kiti cha kamba, ameshika kikombe cha uji kwa mikono miwili. Tukasalimia, tukaulizana ya nyumbani, kisha Baba Neema akashindwa kujizuia.

"Mama, tumemaliza. Wote. Hata wa stoo."

"Eeh! Mungu awabariki." Alifurahi kweli, akapiga kofi paja lake. "Na karatasi mmeiweka wapi?"

Tukatazamana.

"Anayo yeye, mama," nikasema. "Alisema mambo yamekwisha."

Aliweka kikombe chini. "Ile inayosema mmemuuzia shamba?"

"Ndiyo."

"Basi hamjamaliza."

Baba Neema akacheka kidogo, kicheko cha wasiwasi. "Mama, yule ni mtu mzima. Tumepeana mkono."

"Yeye ni mtu mzima, na simsemi vibaya. Akifa kesho, watoto wake watakuta nini? Watakuta mkono mliopeana, au watakuta karatasi?"

Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa majaruba, na kutoka pale alipokaa niliweza kuona mipaka ya shamba letu, mabua makavu yaliyobaki baada ya kuvuna.

"Uji wenu utakuwepo," akasema. "Nendeni."

Tukaenda mchana ule ule. Tulimkuta mwenye stoo anasimamia lori linalopakia, jasho linamtoka, hana muda. Tulipomwambia tulichofuata, uso ukabadilika.

"Mnaniona mwizi?"

"Hapana, mzee," Baba Neema akasema. "Ungekuwa mwizi tusingekuja mchana. Tunataka watoto wako na watoto wetu wasije wakagombana kwa jambo ambalo sisi tumelimaliza vizuri."

Mzee akawaambia vijana wa lori wasubiri, akaingia ofisini, akafungua droo moja, akafungua ya pili. Mke wake akaja kusaidia. Karatasi ilikuwa chini ya bahasha za watu wengine, nyingi kuliko nilivyotegemea, na nilipoziona niliwaza kila moja ni shamba la nani. Akaandika chini yake kwa mkono wake mwenyewe kwamba amelipwa pesa yote na shamba halina deni. Akatia sahihi. Mwenyekiti tulikuwa tumeshampitia njiani, naye akashuhudia. Mwenye stoo akanikabidhi mimi, akasema, "Hakuna aliyewahi kurudi kuniomba hii."

Tulirejea Kabungu jua bado liko juu. Mama Mkwe alinitaka nimsomee yale maneno ya mwisho, kwa kuwa herufi alikuwa hazioni tena. Nikasoma. Akainamisha kichwa kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi.

"Soma jina la shamba," akasema.

Nikasoma jina la baba yangu, maana shamba liliandikwa kwa jina lake. Akaitikia kwa kichwa polepole, akamwita binti yake atuletee uji.

Na wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, ukifika siku ya kulipa shilingi ya mwisho, usinyanyuke kwenye kiti kwa furaha. Kaa hapo hapo, mwombe aliyekudai aandike kwamba umemaliza, atie sahihi mbele ya shahidi, na karatasi uliyosaini siku ya kukopa uondoke nayo mkononi mwako.